Sheria ya Tisa ya Mteremko

Mimi ni mtu wa sheria. Waliopita mikononi mwangu darasa la tano, Butembo, watakuambia: kalamu upande wa kulia, mikono juu ya meza, anayetaka kutoka ainue kidole na asubiri. Marehemu mume wangu alizoea kunitania kwamba nyumbani kwetu hata sufuria haichemki bila ruhusa. Nilicheka naye, kwa sababu sikuona ubaya wa sheria. Miaka ile ya vita kila mwenye bunduki alikuwa serikali ya siku hiyo, na mimi niliona kwamba mtu anayeandika mambo yake ubaoni na kuyafuata amepata angalau pa kushika.

Nyuma ya shule yetu kulikuwa na mteremko. Kabla ya vita parokia ilichimba kilima pale ili ijenge madarasa mapya. Vita vikaja, tingatinga likaondoka, madarasa hayakujengwa. Ikabaki njia pana ya udongo mwekundu iliyoanzia juu kwenye mikaratusi, ikapinda mara moja karibu na chini, kisha ikaishia kwenye uwanja tambarare kando ya barabara.

Watoto wetu walipenda chukudu kuliko mpira. Kwa asiyeijua, chukudu ni gari la mbao la magurudumu mawili, halina kiti wala pedali. Unapiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma ardhi, na ukifika mteremkoni unaiachia yenyewe. Breki ni kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Ukikikanyaga, mpira unasugua gurudumu na gari linapungua mwendo. Wanaume wanabebea magunia ya viazi kutoka milimani, na watoto wanatengeneza ndogo zao za kuchezea.

Walikuwa wakichezea barabara kuu. Siku moja lori la askari lilimkanyaga mtoto wa darasa la tatu, na halikusimama. Jumapili iliyofuata padri aliuliza kanisani ni nani atakayewatoa watoto barabarani na kuwatafutia pahali pengine. Wenzangu waliangalia viatu vyao. Mimi niliinua kidole, kama ninavyowafundisha wengine.

Sikuanza peke yangu. Darasani kwangu kulikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili, aliyelelewa na nyanya yake, mama mzee kutoka Kipese aliyeshuka Butembo wakati mashamba ya huko juu yalipokuwa hayalimiki kwa hofu. Msichana huyo alikuwa na jicho la ajabu la kuona hatari. Akiingia nyumba ya mtu, kwanza aliangalia kama ngazi imelegea. Wenzake walimwita Inspekta, naye hakukasirika hata kidogo. Nadhani alikuwa anaona kwamba wamechelewa kumpa cheo.

Yeye ndiye aliyeniambia tusiandike sheria yoyote kabla ya kujua chukudu inaangukia wapi.

“Madame, tutie gunia ya muchanga juu ya chukudu, tuiachilie,” alisema. “Yenyewe itatuonyesha.”

Tulifanya hivyo alasiri tatu mfululizo. Tulifunga gunia la mchanga lenye uzito wa mtoto, tukaliachilia kutoka juu, na pale lilipopinduka yeye alipiga kigingi ardhini. Vigingi vingi vikajikusanya kwenye ile kona ya chini. Basi pale tukapanga mafungu makubwa ya nyasi kavu, ili mtoto atakayetoka njiani aangukie laini. Nyanya yake ndiye aliyeyafunga kwa kamba za migomba, ameketi chini, miguu ameinyoosha, anatucheka kwamba tunawatandikia watoto kitanda cha mbuzi.

Hatukuwa na saa ya kuaminika, kwa hiyo tulipima muda kwa sala. Kutoka juu hadi kwenye kona, chukudu ilichukua Salamu Maria moja isiyo na haraka. Kuvuka njia na kurudisha fungu la nyasi lililoanguka kulichukua muda wa ishara ya msalaba tu. Msichana alipima mara nyingi, yeye mwenyewe akikimbia, mimi nikisali. Tukaona nafasi inatosha na kubaki.

Ndipo nikaandika sheria kwa rangi nyeupe kwenye ubao mweusi na kuupigilia kwenye mti. Zilikuwa nane. Mmoja mmoja, hakuna kupakizana. Hakuna kushuka udongo ukiwa umelowa. Hakuna kushuka mpaka mimi, niliyesimama chini, nimeteremsha kitambaa chekundu kuonyesha kwamba njia iko wazi. Na kila breki ikaguliwe na Inspekta kabla ya zamu. Zilizobaki zilihusu mbwa, mbuzi na wadogo wanaopenda kukaa katikati ya njia kula muwa. Mpira wa breki ulitakiwa uwe mnene kama kidole chake gumba, na kidole hicho hakikujua upendeleo. Alimrudisha nyumbani hata mtoto wa mkurugenzi wa shule. Mkurugenzi mwenyewe alikuja kulalamika, akapimiwa mpira mbele ya watu, akaondoka ameinamisha kichwa.

Mwepesi kuliko wote alikuwa kijana wa darasa la sita, mtoto wa mchukuzi wa mbao. Chukudu yake alitengenezewa na baba yake, nzito, imara, na aliipenda kama watu wanavyopenda ng'ombe wao. Nilidhani atatusumbua. Kumbe yeye ndiye aliyekuja wa kwanza kila Jumamosi kuonyesha breki yake, na akiisifia mwenyewe kupita kiasi, Inspekta anamwambia, “Nyamaza, tuone.” Naye ananyamaza.

Kwa muda mrefu hatukuona zaidi ya magoti yaliyochubuka. Wazazi walianza kuja kutazama. Akina mama waliokuwa wakitoka sokoni walitua vikapu vyao pale chini na kupumzika. Ilikuwa ni saa pekee katika juma zima ambapo watu wazima walisikia makelele na hawakukimbia. Nilikuwa na furaha, na ninasema wazi kwamba nilikuwa na majivuno pia.

Halafu wenye mji wakabadilika tena. Askari wapya walikuja, wakaweka kambi ndogo kwenye ule uwanja wa chini, hatua chache kutoka kwenye kona yetu. Wakakata mkaratusi mmoja mrefu, wakausimamisha, wakapandisha bendera.

Sisi wa nchi hii tunajua bendera. Tangu utotoni, wakati nchi ilipokuwa bado inaitwa Zaire, tulifundishwa kwamba filimbi ikilia na bendera ikaanza kupanda au kushuka, kila mtu husimama pale alipo. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye mzigo anabaki nao kichwani, mwenye maneno anayameza. Bendera ikimalizika, filimbi inalia tena na maisha yanaendelea. Ofisini inashushwa saa kumi na mbili, na watu wanapanga safari zao kwa kujua hivyo. Lakini mkubwa wa kambi ile alishusha bendera yake alivyotaka. Leo saa kumi, kesho saa kumi na moja, kulingana na uchovu wake au pombe yake.

Jumatatu moja, mzee mmoja alipita pale na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa hasikii vizuri. Filimbi ililia, yeye akaendelea kutembea. Walimlaza chini mbele ya wanafunzi waliokuwa wanatoka shuleni, na mzee yule akakiona cha mtema kuni. Nilimsikia akiomba msamaha kwa Kinande, askari hawaelewi, wanazidi tu. Watoto wangu walikuwa wamenishika sketi. Usiku ule sikupata usingizi, nikifikiria Jumamosi, watoto thelathini wanaruka na kupiga kelele hatua chache kutoka kwenye ule mlingoti.

Nikafanya ninachokijua. Nilichukua brashi, nikaongeza sheria ya tisa. *Filimbi ya bendera ikilia, kila mtu asimame alipo, asitikisike mpaka filimbi ya pili.*

Tena sikuiandika tu, niliwafundisha. Darasani nilipuliza filimbi bila kuwaonya, na kila mmoja akaganda, kalamu hewani, midomo wazi. Kwenye uwanja wa shule niliwapulizia wakicheza mpira, darasa la tano na la sita pamoja. Siku moja ile filimbi ilimkuta yule kijana wa mchukuzi ameinua mguu kupiga mpira. Alibaki hivyo hivyo, mguu juu, anayumba kidogo, mpaka nilipopuliza mara ya pili. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwita mbele, nikamshika bega, nikawaambia wote, “Hivi ndivyo mtu anavyookoa maisha yake. Hata mguu usishuke.” Wakampigia makofi.

Ni Inspekta peke yake aliyekuja baadaye mezani kwangu na daftari lake.

“Madame, hii sheria hatukuipima.”

“Kuipima namna gani?”

“Sifule ya bendera ikilia na chukudu iko inashuka? Na mutu akikuwa mu njia?”

Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuniuliza. Nilijua ni zuri. Nilimwambia Jumamosi tutachukua gunia la mchanga tuitazame. Jumamosi ile ikaja na milio ya risasi upande wa Beni, na kila mtu alibaki ndani. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na jua, watoto walikuwa wamefungiwa kama kuku kwa juma zima, walikuja mbio wakipiga makelele, na mimi nilisahau. Sina neno jingine la kuweka hapo. Nilisahau.

Alasiri ilikwenda vizuri. Kijana alikuwa juu, zamu yake. Njia ilikuwa safi, nikateremsha kitambaa, akaachia. Alipokuwa bado mbali, upepo uliangusha fungu moja la nyasi katikati ya njia kwenye kona. Kwa kipimo chetu nafasi ilikuwepo, na kubaki. Inspekta akaingia njiani, akaliinua, akalikumbatia kwa mikono miwili, akageuka kutoka.

Filimbi ya bendera ikalia.

Akasimama. Aliganda hatua mbili kutoka ukingoni, nyasi kifuani, uso umenigeukia mimi. Na mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, mikono chini, kitambaa kwenye vidole. Nyuma yangu askari walikuwa wamejipanga. Nilimwona mmoja kwa pembe ya jicho, bunduki haikuwa begani. Kamba ya bendera ilikuwa imenasa juu ya mlingoti. Nilisikia mkubwa wao akitukana kwa Lingala, na yule aliyeshika kamba anaivuta, inagoma.

Ningeweza kupiga kelele. Mdomo si mguu. Ningeweza kusema “Toka!”, neno moja tu, na pengine wangenipiga mimi kama yule mzee, na leo ningekuwa na makovu mgongoni na msichana angekuwa na watoto wake. Nimelifikiria hilo miaka yote hii na bado sina la kujitetea. Niliogopa. Macho yake yalikuwa yananiuliza, na mimi nilimtazama tu.

Chukudu ilikuja na mwendo wake wote. Ilimpiga, ikamtupa nje ya nyasi zote tulizokuwa tumezipanga, kwenye mawe ya ukingoni. Kijana aliangukia upande wa pili. Na bendera bado ilikuwa haijashuka. Ninaapa kwamba tulisimama, watu wazima kwa watoto, tukimwangalia mtoto amelala vile, mpaka kamba ikaachia, mpaka wakaikunja bendera, mpaka filimbi ya pili. Ndipo nikakimbia.

Hakukuwa na gari. Tulimlaza kwenye chukudu ile ile, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, na baba wawili wakaisukuma kupanda kuelekea hospitalini. Nilikuwa nimeshika kichwa chake. Kijana alitufuata nyuma, magoti yanamvuja damu. Kabla hatujafika sokoni nilijua kwamba ninashika kichwa cha marehemu, lakini sikuwaambia waliokuwa wanasukuma. Niliona bora waendelee.

Nyanya yake hakuwa na mikeka ya kutosha kwa kilio. Akawaambia vijana waende mteremkoni, wayalete yale mafungu ya nyasi, wayafungue na kuyatandika uani ili watu wapate pa kukaa. Basi tulikaa siku tatu juu ya nyasi alizozifunga mwenyewe ili watoto wasiumie. Siku ya kwanza alinishika mikono yote miwili.

“Wasingya, madame,” akanishukuru kwa Kinande, kisha kwa Kiswahili: “Ulimutunza mutoto yangu. Najua, wewe njo ulimutunza.”

Nilijikaza kisabuni. Nilimwachia mikono yangu, nikaipokea ile shukrani.

Watu wakataka kujua imekuwaje, na jibu likapatikana upesi. Mbao zilikuwa nzima. Mpira wa breki ulikuwa mnene kama kidole gumba, kama Inspekta alivyoukagua saa hiyo hiyo. Na kwenye udongo wa kona hakukuwa na alama ya kufunga breki hata moja. Kijana hakukanyaga. Walisema alikuwa anataka kumtisha msichana kwa mchezo. Walisema alikuwa na kiburi cha mwendo. Bendera hakuna aliyethubutu kuitaja. Yeye aliulizwa, akatazama chini, hakujibu. Baba yake aliipasua chukudu kwa shoka mbele ya watu.

Mkurugenzi wa shule aliniomba ripoti. Niliandika ukurasa mmoja kwa mwandiko wangu mzuri. Niliandika kwamba sheria za mteremko zilikuwa zimebandikwa na zinajulikana na wote, kwamba breki ilikuwa imekaguliwa, na kwamba dereva, kwa uzembe, hakuifunga. Kila neno peke yake lilikuwa kweli. Sheria ya tisa sikuitaja. Asubuhi na mapema, kabla ya misa ya mazishi, nilikuwa nimeung'oa ule ubao kwenye mti, nikaupasua, nikaupikia maharage. Hakuna aliyeuliza uko wapi.

Kijana alifukuzwa shule kwa karatasi yangu. Familia yake ilimpeleka Mabalako kwa mjomba wake, akalime, hadi hasira za watu zipoe. Nilisikia hivyo sokoni, nikanunua nyanya zangu, nikaenda nyumbani. Niliacha kuandika sheria ubaoni. Mkurugenzi aliniambia nimekuwa mpole.

Miaka ikapita, mingine mibaya kuliko ile. Mume wangu alifariki kwa malaria. Mteremko ukaota majani. Halafu ikasemwa kwamba vita vimekwisha, ingawa sisi tulisema polepole, tukiangalia nyuma, na magari yakaanza tena kwenda Beni bila kusubiri msafara. Asubuhi moja yule nyanya alikuja mlangoni kwangu, amepungua, mgongo umepinda, kikapu cha viazi vya Kipese kichwani.

“Ule mutoto wa chukudu iko wapi siku hizi?” akauliza.

Nikamwambia nimesikia kwamba yuko Beni, upande wa Mulekera, anaendesha pikipiki ya abiria.

“Wewe unaenda kuonaka dada yako kule Beni, hapana?” Akatua kikapu. “Umupelekee hii. Umuambie mimi niliisha kumusamehe. Alikuwa mutoto. Batoto banacheza. Sitaki nikufe na yeye anafikiri niko na kinyongo.”

Waliosema mficha maradhi kilio humfichua walijua. Nilimkaribisha ndani, nikampa chai. Nilikuwa na nafasi pale pale, tuko wawili tu. Nikapokea kikapu.

Beni, nilimwomba dereva mmoja wa pikipiki anipeleke kwake. Alipojua ninamtafuta nani, alicheka.

“Ule mwenye breki! Mama, ule anafunga breki hata juu ya kivuli ya kuku. Ba-client banamukimbia, banasema utafika kesho.”

Nilimkuta uani kwake, nyuma ya shamba dogo la mahindi, ameipindua pikipiki, anabadilisha mpira wa breki. Alikuwa mwanamume sasa, na ndevu kidogo. Alinitambua mara moja. Akasimama wima kama darasani, akapangusa mikono kwenye suruali.

“Madame.”

Akaniletea kiti, yeye akaketi kwenye tairi. Niliweka kikapu chini, nikampa ujumbe wa nyanya, neno kwa neno. Aliusikiliza ameinamisha kichwa. Akachukua kiazi kimoja, akakigeuza geuza, akakirudisha. Nikaona hapana, siwezi kuondoka nimempa mtu asiye na deni msamaha wa dhambi yangu. Nikapiga moyo konde. Nilimwambia yote: swali la daftari, gunia la mchanga ambalo hatukuliachilia, hatua nne, mdomo wangu uliokuwa mzima na haukufunguka, ubao nilioupikia maharage. Nilimwambia Inspekta alisimama pale kwa sababu ya sheria yangu, na kwamba niliandika uzembe wake ili mtu asisome sheria hiyo.

“Wewe ulishindwa kufunga breki,” nilisema. “Mtoto yeyote angeshtuka. Lakini mimi ndiye niliyemweka njiani.”

Jirani alikuwa anatwanga mihogo, tukawa tunasikiliza kinu.

“Madame,” akasema hatimaye, “mimi sikushituka.”

Sikuelewa.

“Sifule ililia, muguu yangu ilikuwa inaenda kwa breki. Ilikuwa juu, hivi.” Akainua mguu wa kulia kutoka ardhini, kidogo tu, akaushikilia hapo. “Nikamuona. Nilikuwa na nafasi. Lakini nikakumbuka, mutu asitikisike. Hata muguu isishuke. Ulinipongeza mbele ya batu bote, madame. Njo maana nikaiacha juu.”

Aliushikilia mguu ule hewani nami nikiutazama, kisha akaurudisha chini.

“Kwa nini hukusema?” nilimuuliza.

“Nilifikiri wewe utasema. Wewe njo ulijua sheria.”

Nililia mbele ya mwanafunzi wangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Yeye hakulia. Alienda ndani akaniletea maji kwenye kikombe, akasubiri nimalize. Nilimwambia nitaandika karatasi nyingine kwa shule, nitaeleza kila kitu. Akasema sawa, niandike, lakini shule haimsaidii tena kitu.

“Mukaka, umuambie yeye,” akasema. Mukaka ndivyo wengi kwetu tunavyomwita nyanya. “Mimi hapana kataa bilayi yake, hii viazi. Lakini hii musamaha si yangu. Umurudishie.”

Alisisitiza kunirudisha mwenyewe barabarani. Dereva wa kwanza hakuwa amenidanganya, alifunga breki kwenye kila kona, kwa kila mtoto, kwa kila mbuzi aliyefikiria kuvuka. Tulipokuwa tunapita karibu na ofisi ya serikali ya komini, filimbi ikalia. Ilikuwa saa kumi na mbili na bendera ya kawaida, ya watu wa ofisi. Watu wote wakasimama.

Yeye alifunga breki kwanza. Aliikanyaga mpaka pikipiki ikatulia kabisa, akashusha miguu yote miwili chini, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, na ndipo akaacha mikono kando. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika shati lake. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka kwa nguvu, na haukuacha mpaka bendera ilipokunjwa.

Niliposhuka kwenye gari Butembo siku ya pili yake, sikupita nyumbani. Nilipanda moja kwa moja kwa yule mama mzee. Alikuwa uani, miguu ameinyoosha, anachambua maharage. Akaniuliza kama mtoto amepokea viazi. Nikamwambia amevipokea. Nikaketi chini kando yake, si kwenye kiti alichonionyesha, nikaanza na sheria ya tisa.